Binti ana wani ya 17, anataka udaktari lakini selfomu alijaza CBG. Tubadili au tuache?

#1 Mama Neli wa Nkuhungu
Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumeshagawanyika, baba yake anasema hivi mimi nasema vile, na mjomba wake naye anapiga simu kutoka Mpwapwa kila jioni utadhani yeye ndo anaenda shule.

Binti yangu kamaliza form four katoka na wani (divisheni ya kwanza) ya pointi 17. Baiolojia B, Jiografia B, Kiingereza B, Kiswahili B, Kemia C, Fizikia C, Historia C, Uraia C, Hesabu D. Selfomu, ile fomu ya kuchagua kombi za form five, walijaza wakiwa bado shuleni, akaweka CBG (kemia, baiolojia, jiografia) ya kwanza, PCB (fizikia, kemia, baiolojia) ya pili, HGL (historia, jiografia, Kiingereza) ya tatu. Sasa dirisha la kubadili kombi limefunguliwa. Na huyu mtoto tangu yuko la tatu anasema atakuwa daktari, uliza mtu yeyote hapa mtaani. Nikamuuliza mbona uliweka CBG, ananijibu "mama CBG nayo si sayansi".

Swali langu, CBG inaingia kwenye udaktari au haiingii? Na kama haiingii, mtoto mwenye C ya fizikia na D ya hesabu ataiweza PCB au nitakuwa nimemuingiza choo cha kiume mwenyewe? Mimi niliishia form four miaka ya tisini, haya ya kombi siyajui.

#2 ngoja_ngoja
Ngoja waje wataalam. Nimekaa pale kwenye kivuli.

#3 Kijana wa Area D
Mama CBG kwenye MD (digrii ya udaktari) haiendi. Vyuo vyote wanataka fizikia, kemia na baiolojia za form six, zote tatu. Akipiga A tatu za CBG, wani ya 3, bado udaktari wa binadamu hawamchukui kwa sababu fizikia hana. Badili leo leo kabla mtandao haujajaa.

#4 Mgogo Asiye na Haraka
Mbukwenyi. Wani ya 17 ni ya kuchungulia dirishani hiyo lakini ni wani, hongera kwa binti. Mwambieni mjomba wa Mpwapwa apumzike kidogo.

#5 Bwana Shamba Kibaigwa
#3 uko sahihi ila unavyoiongelea CBG kama ugonjwa vile. Mimi nimesoma CBG, nikaenda chuo cha SUA Morogoro nikapiga kilimo, leo niko na wakulima wa alizeti na mahindi na shamba langu mwenyewe lipo. Sisi na watu wa PCB tulikuwa tunachanganywa kwenye vipindi vya kemia na baiolojia, kwaiyo nilikuwa nawaona kwa macho. Kuna jamaa alikuwa anatufundisha sisi kemia ya ogania usiku prepo, kichwa kweli kweli, matokeo yalipotoka baiolojia B kemia C fizikia F. Huyo alikuja PCB kwa sababu mzee wake alikuwa anawaambia watu kilabuni kwamba ana daktari nyumbani. Kwahiyo mama kabla hujabadili muulize mtoto anaitaka fizikia au anaitaka koti nyeupe, ni vitu viwili hivyo.

#6 Kijana wa Area D
Sasa bwana shamba, koti nyeupe bila fizikia utaipata wapi?? Ya buchani?

#7 Bwana Shamba Kibaigwa
Hahaha, ya buchani inalipa kuliko unavyofikiri, subiri Pasaka uone foleni.

#8 mwaka_wa_tatu
Shikamooni wakubwa. Nipo UDOM nasoma MD nachangia nachokijua. Mwongozo wa udahili wa TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa MD sifa ya chini ni alama 6 kwenye fizikia, kemia na baiolojia, hesabu zao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwaiyo D tatu zinakupa ruhusa ya KUOMBA. Kuomba na kupata ni vitu tofauti, nafasi ni chache na waombaji ni wengi, wanaanza kuchukua kutoka juu wakishuka. Darasani kwetu wengi unaowauliza wana B na C, kuna wenye A tatu pia wale wa shule za vipaji. Fizikia yangu mimi ilikuwa D, kemia B, baiolojia B. Form four nilikuwa na C ya fizikia kama huyo binti. Inawezekana ila ilinitoa jasho, sidanganyi.

#9 Mkonze Stesheni
Hapo #8 sijaelewa, alama 6 si ndo wani ya 6? Sasa mtu wa D tatu atakuwaje na wani ya 6?

#10 mwaka_wa_tatu
Hapana mkuu, vipimo viwili. NECTA (baraza la mitihani) wanahesabu kwa ajili ya divisheni, kwao A ni 1, D ni 4, ndogo ndo nzuri, kwahiyo D tatu ni 12, yaani tuu ya 12. TCU wanahesabu kwa ajili ya chuo, kwao A ni 5, D ni 2, kubwa ndo nzuri, D tatu zile zile zinakuwa 6. C peke yake ndo haibadiliki, ni 3 huku na huku, ndo maana watu wanachanganyikiwa.

#11 Mkonze Stesheni
Sawa ila na wao wangetumia moja tu tuelewane, mzazi wa kawaida atajuaje hayo. Ahsante dogo.

#12 Ticha wa Kipindi cha Saba
Nafundisha fizikia advansi, shule siitaji. Ngoja niseme kinachotokea darasani maana humu watu wanaongea F ya fizikia kama ni uchawi.

Mtoto wa PCB hasomi hesabu kubwa, anasoma BAM (hesabu ndogo ya advansi), na BAM vipindi ni vichache na shule nyingi haipewi uzito kwa vile haihesabiki kwenye divisheni. Sasa fizikia ya form five inaanza na makosa ya vipimo na dimensheni, wote wanacheka, ni rahisi. Halafu unaingia mwendo, kitu kilichorushwa, mzunguko, mtetemo, hapo unahitaji kudifarenshieti ili upate kasi kutoka kwenye umbali. Mwenzake wa PCM (fizikia, kemia, hesabu kubwa) aliyekaa dawati la pili analijua hilo kutoka kwenye hesabu zake, wa PCB anakuangalia tu, BAM yake bado iko kwenye kutumia kikokotoo. Inabidi niache fizikia nifundishe dy juu ya dx siku mbili. Nikirudi kwenye mada nusu ya darasa wameshajiambia hii siyo yao. Hawafeli mwezi Mei mwaka wa pili, wanafeli Septemba ile ya kwanza.

Kwahiyo mama, C ya fizikia hainitishi hata kidogo. D ya hesabu ndo inanikuna. Kama mnabadili kwenda PCB basi kuanzia sasa mpaka Julai asikae bure, akamatwe mtu amfundishe trigonometria, vekta na kudifarenshieti tu, hata hayo mengine aache.

#13 Lab Teki Mstaafu
Mwalimu namheshimu ila sababu siyo hesabu. Ni maabara. Fizikia advansi ina karatasi tatu na ya tatu ni praktiko. Nimekaa maabara miaka mingi najua. Shule zetu nyingi mita brigi (kifaa cha kupima ukinzani wa umeme) ni moja au mbili, wamekusanyika watu kumi kuizunguka, mmoja anashika ile joki anagusa waya, mmoja anasoma galvanomita, wanane wanaandika namba wanazoambiwa. Mwisho wote wana jedwali zuri na grafu zuri na hakuna aliyejua sindano ikigoma kukaa sifuri unafanyaje. Siku ya mtihani kila mtu yuko peke yake na kile kifaa, sindano inaenda upande mmoja tu, mtoto anatetemeka. Waya mmoja umeachia nyuma, basi, ni hicho tu. Hajawahi kukishika.

Kwahiyo kabla ya kombi uliza SHULE. PCB ya shule yenye maabara inayofunguliwa kila wiki na PCB ya shule ambayo ufunguo anao mtu mmoja na yuko semina, siyo kombi moja hizo.

#14 Binti Kongwa 94
Lab Teki umenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa tunaambiwa maabara mtaingia mkikaribia mtihani msije mkavunja vitu. Tukaingia mwezi wa mwisho tukavunja vyote kwa pamoja.

#15 Ticha wa Kipindi cha Saba
#13 mzee wangu sipingi praktiko, ila wanaopata F wengi nawaona wameshapotea kwenye karatasi ya kwanza na ya pili kabla hata ya kushika waya.

#16 Lab Teki Mstaafu
Na mimi nawaona wanaojua nadharia yote wakitoka na D badala ya B. Tutakesha.

#17 kalamu_nyekundu
Wote mmekosea kidogo. Shida inaanzia form four. Watoto wanakariri pasti pepa, swali la lenzi lilikuja hivi, la mashine rahisi lilikuja vile, anapata C au hata B bila kujua kwanini. Advansi swali halirudi sura ile ile. Ndo maana unakuta mwenye A ya fizikia form four anapata E form six na mwenye C anapata C. Kwahiyo mama usiangalie hiyo C, kaa nae umuulize akueleze kwa nini sufuria ya ugali ina mpini wa mbao. Akieleza vizuri mpeleke PCB.

#18 Mgogo Asiye na Haraka
Akisema ili mama asiungue je?

#19 kalamu_nyekundu
HGL huyo moja kwa moja 😂

#20 Wakili wa Makole
HGL imewakosea nini nyie. Nimesoma HGL nikasoma sheria, niko zangu Makole nakula kwa jasho langu. Na kwa alama alizoweka mama, hesabuni wenyewe, Historia C, Jiografia B, Kiingereza B, pointi 7. CBG pointi 7. PCB pointi 8. Kwa mujibu wa karatasi huyo mtoto ana nguvu sawa HGL na CBG ila hakuna hata mmoja humu aliyeitaja HGL isipokuwa kwa kucheka. Halafu mnashangaa madaktari wa mtaani wamejaa.

#21 Kijana wa Area D
Wakili mtoto kasema udaktari, hakusema sheria. Unamtetea mteja ambaye hajakuajiri.

#22 Asha wa Chamwino (Afisa Tabibu)
Dada Mama Neli pole na hongera. Mimi naongea kama niliyepita. Nilisoma PCB, nikatoka na baiolojia D, kemia D, fizikia E. Tatu ya 13. Kwa hesabu za TCU hiyo ni alama 5 na MD ilikuwa imeniacha. Nililia wiki nzima nikajifungia ndani. Mama yangu mdogo ndo alinishika mkono tukaenda kuomba diploma ya utabibu, miaka mitatu, nikamaliza na sasa niko kituo cha afya nazalisha, nashona, naandika dawa, wagonjwa wananiita dokta. Na mlango haujafungwa, kwa diploma ukiwa na GPA ya 3.0 kwenda juu na zile D zako za form four za masomo ya sayansi, hesabu na Kiingereza, unaruhusiwa kuomba MD. Nimeshaanza kujipanga.

Kitu ambacho sikukijua wakati ule ni kwamba diploma ile ningeweza kuiomba kutoka form four moja kwa moja. Binti yako ana fizikia C, kemia C, baiolojia B, sifa anazo LEO. Asingehitaji hata kupita form five. Yule niliyekuwa nae darasa moja form four akaenda utabibu moja kwa moja alinikuta mimi bado mwanafunzi na yeye yuko kwenye ajira.

#23 Mama Neli wa Nkuhungu
Jamani nimesoma yote mbarikiwe sana. Asha mdogo wangu umenigusa. Sasa gharama? Maana naambiwa form five na six serikalini ada hakuna.

#24 Asha wa Chamwino (Afisa Tabibu)
Ni kweli dada, ada ya form five na six shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, unabaki na michango ya hapa na pale, godoro, sare, nauli. Diploma unalipa, na vyuo binafsi inaenda mamilioni kwa mwaka. Vya serikali ni nafuu ila mnagombania. Hapo ndo penye ugumu, sitakuficha. Na angalia chuo kiwe kimesajiliwa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati), wapo wanaopangisha frem ya duka wanaita chuo.

#25 Mzee wa Mazengo
Vijana hamjambo. Nimesoma Mazengo, hapo ambapo tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha St. John's, msije mkasema mzee anaongea asichokijua. Enzi zetu hatukuwa tunabishana kombi kwenye simu. Matokeo yakija jina limebandikwa umepangiwa, unabeba sanduku la bati unapanda treni. Ukimaliza form six unaenda JKT mwaka mzima, unarudi mweusi hata mama hakujui. Na madaktari tulipata, na wahandisi tulipata.

Shida ya sasa ni wazazi. Kila mtoto daktari, kila mtoto injinia wa reli. Tangu treni ya umeme ianze kuja Dodoma 2024 wajukuu zangu watatu wote wanataka PCM, hata yule anayeogopa kuvuka barabara.

#26 Mkonze Stesheni
Shikamoo mzee. Enzi zenu form six wangapi walikuwepo? Mlikuwa mnatosha kwenye mabehewa mawili. Sasa hivi ukikosea kombi kuna watu nyuma yako foleni inafika Kisasa.

#27 Mzee wa Mazengo
Marahaba. Mabehewa mawili lakini tulijua kuandika barua.

#28 mchaguzi65
Kwani hamjui tahasusi zimeongezwa? Machi 2024 serikali ilitangaza mpya 49, ukijumlisha na zile 16 za zamani ni 65. Kuna lugha, biashara, michezo, sanaa, dini, mpaka muziki. Watu bado wamekwama PCB na HGL tu. Kuna CBN pia, kemia baiolojia na lishe, hiyo kwa wanaopenda afya bila fizikia.

#29 Binti Kongwa 94
65 kwenye karatasi mkuu. Nenda shule ya kata yenye form five uulize mnazo ngapi, utajibiwa HGK, HGL, HKL na CBG moja inayotafuta mwalimu. Mwalimu wa muziki advansi unamtoa wapi?

#30 mwaka_wa_tatu
#28 CBN siyo mbaya ila mama asije akadhani inaenda MD. Haiendi. Inaenda kwenye digrii ya uuguzi, wao wanakubali kemia na baiolojia halafu ya tatu iwe fizikia au hesabu au lishe. Na shule zenye CBN ni za kutafuta kwa tochi. Famasi nayo ni PCB, msisahau, watu wanadhani ni kemia tu.

#31 mchaguzi65
Sikusema inaenda MD, nimesema afya. Afya ni pana.

#32 Mama Neli wa Nkuhungu
Wakuu nimerudi. Jana nimekaa na Neli tukiwa tunachambua mboga nikamuuliza taratibu bila baba yake kuwepo. Kumbe kuna kaka walikuja kuwafundisha kwa kujitolea, wa form six, akawaambia PCB ni ya wanaume na wenye A ya hesabu, wengine mtarudi nyumbani na ziro. Na mwalimu wao siku ya kujaza akawaambia weka ya kwanza ile yenye pointi ndogo ili upangiwe haraka. Ndo akaweka CBG maana ilikuwa 7. Udaktari anautaka bado. Fizikia anasema "haichukii ila haijampenda". Na lile la mpini wa sufuria kajibu vizuri, kasema mbao haipitishi joto, halafu akauliza nani kakutuma uniulize.

#33 kalamu_nyekundu
PCB. Nimefunga jalada.

#34 Ticha wa Kipindi cha Saba
Huyo kaka wa form six ningempata. Wasichana wangu wa PCB ndo wanaoandika notsi za fizikia ambazo wavulana wanazipiga picha usiku wa mtihani. Nenda Msalato hapo, shule ya wasichana, kaulize kama PCB ni ya wanaume.

Na hilo la kuweka kwanza yenye pointi ndogo, huo ushauri upo sana na ndo unaoharibu. Sharti ni uwe na krediti (A, B au C) zisizopungua tatu na masomo matatu ya kombi yawe kati ya pointi 3 na 10 bila F. PCB yake ni 8, yuko ndani. Sasa kama shule aliyoitaja imejaa wenye 5 na 6 atapelekwa nyingine, na nyingine siyo kifo.

#35 Nzuguni Data
Ticha nyongeza, kwenye kupangiwa ushindani ni kwa shule na nafasi zilizopo kwa kombi hiyo. Dogo jirani yangu alikuwa na PCM ya 6 akapangiwa EGM (uchumi, jiografia, hesabu kubwa) na mwenye 8 akapata PCM, kisa waliomba shule tofauti. Kuna wanaosema mfumo unaangalia chaguo la kwanza tu, kuna wanaosema unaangalia ufaulu kwanza chaguo baadae, kila mwaka nasikia maelezo mapya.

#36 Bwana Shamba Kibaigwa
Mimi bado nasimama na CBG yangu ila kwa masharti. Kama mtoto anataka MD kweli kweli basi PCB au diploma ya dada Asha, CBG haina njia huko. Ila mkibadili, mjue mpango wa pili ni nini. Mtu wa CBG mwenye wani ya 7 anaingia kilimo, mazingira, sayansi ya chakula, ualimu wa baiolojia na jiografia, na ualimu wa sayansi bado wanatafutwa kuliko wa sanaa. Mtu wa PCB mwenye F ya fizikia lakini kemia na baiolojia nzuri naye anaingia nyingi ya hizo hizo, maana vyuo vingi vinataka prinsipo mbili (masomo ya form six yenye E kwenda juu) zenye jumla ya alama 4 na kuendelea halafu kozi yenyewe inaongeza masharti yake. Kwahiyo kwa namna fulani PCB imebeba CBG ndani yake, kasoro jiografia.

#37 Kijana wa Area D
Bwana shamba kumbe ulikuwa upande wangu muda wote.

#38 Bwana Shamba Kibaigwa
Nilikuwa upande wa mtoto. Wewe njoo ununue alizeti.

#39 Wakili wa Makole
Prinsipo mbili za alama 4 ni D mbili, msiwafanye watu wadhani ni kitu kikubwa. Na PCB yenye F ya fizikia inashusha divisheni, hata kama chuo kinaangalia mbili, pale anapoomba ufadhili ni habari nyingine. Ule ufadhili wa Samia ulioanza 2022/23 wanachukua waliofaulu juu kabisa kwenye sayansi. Mkopo wa kawaida wa bodi nao una vigezo vyake.

#40 Asha wa Chamwino (Afisa Tabibu)
Wakili kwa hapo niko na wewe. Tatu yangu ya 13 ilinifuata kila fomu niliyojaza.

#41 Mgogo Asiye na Haraka
Mimi naona tatizo ni simu. Watoto wako kwenye simu.

#42 Lab Teki Mstaafu
Na wewe upo kwenye simu saa sita usiku unajibu uzi wa kombi na huna mtoto form four.

#43 Mgogo Asiye na Haraka
Najiandaa.

#44 Zuwena Ipagala
Samahani kwa kuingilia kati mama Neli. Mimi wangu wa kiume ana B ya hesabu, C ya jiografia, biashara hajasoma kabisa, fizikia F. Anataka uhasibu. EGM au ECA?

#45 Nzuguni Data
Zuwena EGM. ECA ni uchumi, biashara na uhasibu, kama hajawahi kushika leja ataanza na wenzake waliosoma bukukipingi form three na four, watamuacha mbali. EGM ina hesabu kubwa na B yake inambeba, na vyuo vya biashara ikiwemo CBE hapa hapa mjini wanaichukua. Ila hesabu kubwa siyo mchezo, B ya form four isimlevye.

#46 Ticha wa Kipindi cha Saba
#45 sikubaliani. Leja anajifunza, uhasibu advansi wanaanzia mwanzo japo kwa haraka. Hesabu kubwa haisamehi mtu. Fungua uzi wako dada tusimvurugie mama Neli.

#47 Zuwena Ipagala
Sawa nafungua. Njooni wote na mjomba wa Mpwapwa.

#48 Mama Neli wa Nkuhungu
Tumebadili jioni hii, PCB ya kwanza, CBG imeshuka ya pili. Baba yake anataka tuombe na chuo cha utabibu cha serikali pembeni tuone kipi kitajibu, mimi naona kama tunamchanganya ila fomu ya chuo kaichukua. Mwalimu wa hesabu nimempata, kijana wa UDOM anakaa hapo Ng'ong'ona, anakuja Jumamosi na Jumapili. Mjomba hajaambiwa.

#49 Nzuguni Data
Umehifadhi lakini? Wengi wanabadili halafu wanafunga ukurasa bila kubonyeza kuhifadhi. Ingia tena na namba yake ya mtihani uone PCB imekaa juu, na upige picha ya kioo uweke.

#50 Mama Neli wa Nkuhungu
Ngoja nimuamshe.